Kisanduku cha Kati

Fomu ya klabu ina visanduku vitatu:
anayeanza, wa kati, mzoefu.
"Tia vema kimoja tu," kasema karani,
akairudia chai yake na andazi.

Leo siku ya nne ninayo,
imelala chini ya kioo cha kaunta, dukani,
kati ya risiti za nati na orodha ya madeni.
Wateja wanaisoma kichwa chini miguu juu.
Fundi Bahebe, aliyefuata misumari ya bati, kauliza:
"Mugeta, na wewe unaomba kazi?"

Anayeanza? Mimi?
Mimi niliyekuwa na miaka tisa kule Capri Point
nikiokota mipira ya watu wa benki
kwa shilingi ishirini na soda isiyo baridi?
Naujua mlio wa mpira uliokaa katikati ya nyuzi,
naujua nimefumba macho,
kama mama alivyomjua kwa pua tu
dagaa aliyelala.
Najua kuhesabu: kumi na tano, thelathini, arobaini,
ingawa hakuna aliyewahi kuniambia
kwa nini isiwe arobaini na tano.
Najua nani katika wale waheshimiwa
alikuwa akiuiba mstari.

Lakini aliyebeba ngoma njia nzima
bado hajaipiga.

Basi wa kati. Kalamu ilishagusa karatasi
nilipoikumbuka bekhendi yangu.

Jumapili, watu wangali kanisani,
nikashuka Igogo kwenye ukuta wa ghala la pamba
na raketi niliyoachiwa na daktari mmoja wa Bugando alipohama,
nyuzi zimelegea kama chandarua cha mwaka juzi.
Nikachora mstari wa chaki, kimo cha wavu.
Nikajiwekea sheria: ishirini bila kukosa,
wewe ni wa kati, hakuna wa kubisha.

Nikafika kumi na moja.
Nikafika saba.
Nikafika kumi na tisa,
nikaanza kufikiria nitakavyowasimulia,
mpira ukapita juu ya paa.

Aliyeurudisha ni binti wa mlinzi,
mtoto wa darasa la tatu, yu pekupeku, jina lake Ng'washi.
Alikuwa amekaa juu ya gurudumu muda wote huo.
"Baba, mbona mpira ukija kushoto
wewe unauzunguka?"

Nikamwambia ni mbinu.

Si mbinu. Nimeuzunguka miaka thelathini
kama mdaiwa anavyolizunguka duka langu,
apite nyuma, njia ya mtaroni,
akiona bora kuchafua viatu.

Na ukuta, tuseme kweli, ni mpinzani mpole:
unakurudishia kile ulichoupa,
hauanzishi, hauna hila, haukohoi
unapotaka kupiga.
Tena unakukinga na upepo wa ziwani,
ule wa saa kumi, unaoanza kama mzaha
kisha unakuhamishia mpira hatua nzima.
Kule uwanjani nani ataukinga?

Usiku nikamwuliza Nyanjige,
mke wangu wa miaka kumi na saba:
"Wewe ungeniweka ngazi gani?"
Alikuwa anapara sato. Hakuinua kichwa.
"Kwenye nini?"

Nikaona swali lake ni refu kuliko langu.
Nikatoka nje kuangalia kama geti limefungwa.

Leo nimepanda Capri Point na fomu yangu.
Karani yuleyule, andazi jingine.
Nimetia vema kisanduku cha kwanza,
nimetia kwa nguvu, karatasi ikatoboka kidogo.
Kisha mkono haukutulia:
pembeni, kwa herufi ndogo, nikaandika
*ila mstari naujua*.

Karani akasoma, akanitazama,
akagonga muhuri
palepale juu yake.